Hema Ndani ya Ngitili

Kihesa, Iringa
12 Aprili 1976

Kwa dada yangu mpendwa Nyamizi,

Shikamoo dada. Habari za Igunda, na habari za wajomba zangu wadogo? Sisi huku hatujambo. Verediana anakusalimu sana na anasema ule mchele wa Rujewa uliotuletea bado anauficha asije akawapikia wageni wasio na adabu.

Nakuandikia kwa haraka maana nina jambo kubwa. Ule Mlima Lusanga unaouona kila asubuhi ukifungua mlango utafanywa hifadhi ya taifa. Watu watakuja kutoka nchi za mbali kuupanda, na kabla ya kuupanda watataka mahali pa kupiga mahema yao chini yake. Bwana Didas, mkuu wetu wa mradi, aliuliza ofisini nani anazifahamu sehemu za kule. Mkono wangu ulikuwa juu hajamaliza kuuliza. Mimi karani wa kufungua na kufunga mafaili, dada, nimepewa kazi ya kuchagua uwanja wa kambi!

Nimependekeza mahali patatu. Pa kwanza ni bondeni kwenye mikuyu, kando ya mto. Pa pili ni mgongoni penye mawe, karibu na litakapojengwa lango la hifadhi. Pa tatu nilipaona mwenyewe tulipopita na gari, nitakueleza siku nyingine. Niambie juu ya hapo pawili pa kwanza, kwa sababu wewe unakaa huko masika na kiangazi, na mimi nimekaa bweni tangu ningali mtoto. Panatakiwa pawe tambarare, maji yawe karibu, gari lifike, mlima uonekane, na pasiwe na watu wanaopatumia. Hilo la mwisho Bwana Didas amelirudia sana. Hataki ugomvi na wanakijiji.

Mwombe mwalimu Ikupa wa kisomo cha watu wazima akusomee barua hii polepole na akuandikie majibu.

Mimi mdogo wako,
Limbu Budeba


Igunda, njia ya Rujewa
2 Mei 1976

Limbu,

Mwalimu Ikupa hakunisomea wala hakuniandikia. Nimesoma mwenyewe na ninaandika mwenyewe, mezani, watoto wametulia kama wako kanisani. Kisomo nimekimaliza mwaka jana na cheti ninacho. Usiniambie tena nisomewe.

La pili. Gari la ofisi lilionekana hapa mwezi wa tatu. Wanangu walikuja mbio wakasema mjomba amekaa mbele, ameweka mkono dirishani. Ulipita mlangoni kwangu hukushuka. Nilikuwa na maziwa ya mgando kwenye kibuyu, nikakaa nayo mpaka jioni nikidhani utarudi kwa njia ileile. Sitalisema tena, ila nimelisema.

Sasa kazi yako. Bondeni kwenye mikuyu ni pazuri, nani atabisha? Kivuli kizuri, maji mazuri. Lakini mvua ikinyesha juu mlimani, huku chini jua linawaka, mto unashuka ghafla na magogo yake. Wazungu wako wataamka wako Usangu ya katikati na mahema yao, wanatafutana. Mgongoni kwenye mawe ndiyo usiseme kabisa. Mwinjilisti Yotamu alijenga kikanisa pale, upepo wa Julai ukachukua paa lote wakati watu wameinama wanasali. Walipoinua vichwa waliona mbingu. Yotamu mwenyewe alicheka, lakini hakujenga tena.

Kwa hiyo mimi nakwambia hapana na hapana. Hapo pa tatu sipajui, hukunieleza. Kama pana maji na hapana upepo, chagua hapo.

Ng'ombe hawajambo. Mwaka jana, unakumbuka nilivyokuandikia kwa mkono wa Ikupa, tulizika ng'ombe zaidi ya tuliobaki nao. Kosa lilikuwa la wanaume. Walifungua ngitili mapema, nyasi zikaisha ukame haujafika hata nusu, tukabaki tunakata majani ya miti kulisha ndama. Sijui kama unaikumbuka ngitili, uliondoka mdogo. Ni malisho tunayoyafunga mvua zikianza, hakuna mnyama anayekanyaga, nyasi zinaota na kukauka zimesimama, na tunakuja kufungua kiangazi kikikaza na kwingine kote kukiwa vumbi. Mwaka huu nilisimama mkutanoni. Walinung'unika kwamba mwanamke anazungumzia ng'ombe, nikawaambia ng'ombe wa marehemu mume wangu Ngolo hawana mwingine wa kuwazungumzia. Wamekubali. Haifunguliwi mpaka Septemba iishe. Nyasi sasa hivi zinanifika kiunoni. Mwaka huu tutavuka, Limbu. Nikienda kuzitazama nasikia raha kama mtu aliyeshiba.

Msalimie Verediana. Mwambie mchele upo mwingine.

Dada yako,
Nyamizi


Kihesa, Iringa
20 Mei 1976

Kwa dada Nyamizi,

Shikamoo. Barua yako imefika na nimefurahi kuona mwandiko wako. Samahani kwa lile la kusomewa, na kwa lile la kutoshuka garini. Gari halikuwa langu.

Umenisaidia sana. Nimefuta pa kwanza na pa pili kama ulivyoshauri. Pa tatu pamekubaliwa na Bwana Didas, naye amefurahi mno. Ni mahali pa kawaida tu, sina haja ya kukuchosha kwa maelezo. Watu wa kupima watakuja mwezi wa sita. Ukiwaona, wapokee vizuri, ni vijana wazuri.

Nilitaka kuuliza jambo dogo. Hiyo ngitili uliyoitaja, je, ina ua? Na kijiji kina hati yoyote inayoitaja? Nauliza tu kwa kutaka kujua.

Mimi mdogo wako,
Limbu


Igunda
17 Juni 1976

Limbu,

Ulipoulizia ngitili nilifurahi. Nilimwonyesha Ikupa ile barua. Nikamwambia, unaona, amekaa na Wahehe mpaka ameoa kwao, lakini bado anauliza habari za malisho ya nyumbani. Ikupa akanipongeza. Leo nimejua kwa nini uliuliza, na naona haya kwa ile furaha yangu.

Vijana wako wamekuja. Kweli ni vijana wazuri, walinisalimu vizuri. Kisha wakaingiza gari ndani ya ngitili, wakafyeka njia katikati yake, wakapiga vigingi vyekundu kutoka kijitoni mpaka chini ya jabali, wakasimamisha hema moja kubwa na kibao. Nikawauliza nani amewaonyesha hapa. Wakasema, ni Bwana Limbu, mama, yeye ni mtu wa huku.

Mtoto wa Budeba! Mtoto wa mtu aliyetembea na ng'ombe kutoka Shinyanga mpaka Usangu! Unaona nyasi za kiunoni, hazijaliwa, ng'ombe wamejaa pande zote, na hujiulizi kwa nini hakuna hata mmoja ndani? Mgeni angekosea nisingemlaumu. Yeye anaona majani, anaona hakuna mtu, anasema ni pori. Wewe ulitakiwa uone kwamba hayo majani yana watu wengi kuliko soko. Pametulia kwa sababu tumepatuliza. Kila mwenye ng'ombe hapa amewarudisha ng'ombe wake mpakani tangu Desemba, wana njaa, wanalia, akawarudisha.

Na usiniambie hapana nyumba. Nyumba zilikuwepo. Yangu ilikuwa pale kwenye kile kichuguu, na ya Mzee Nkuba juu yake kidogo. Operesheni ya vijiji ilipokuja tuliambiwa tusogee barabarani tukae kijijini, tukasogea. Tulibeba milango vichwani. Mlisema tutoke, tukatoka, na sasa mnasema tulikotoka hakuna mtu.

Nakueleza tulichofanya ili usisikie kwa wengine. Ng'ombe akiingia ngitili kabla haijafunguliwa, anakamatwa, hapigwi, anafungwa mpaka mwenye mali aje alipe faini. Sheria hiyo haichagui. Basi wanakijiji walikwenda, na mimi nikiwa mbele, wakang'oa vigingi, wakakunja hema, wakatoa kibao. Vyote viko chini ya ghala langu. Havijaharibika, nimevifunika umande usiviloweshe. Mwenye mali aje alipe kama watu wote wanavyolipa: dume mmoja wa ng'ombe, analiwa na kijiji kizima.

Vijana wako nimewapa chakula wakaondoka.

Nyamizi binti Budeba


Kihesa, Iringa
29 Juni 1976

Kwa dada Nyamizi,

Dada, mmefanya nini? Ile ni mali ya umma. Bwana Didas aliingia ofisini kwangu amevimba, akaniuliza mbele ya wote, hawa ndio ndugu zako uliosema hawatakuwa na tatizo? Sikujua niweke wapi uso wangu.

Naomba unisikilize bila hasira. Hapana ua pale. Hapana hati. Kwenye ramani ya ofisi ni pori. Sisi wenyewe, dada, ni watu wa juzi Usangu, tukianza kudai ardhi hata Wasangu watatushangaa. Bwana Didas anasema mkirudisha vitu kwa hiari hatapeleka jambo hili polisi. Ukiendelea, wewe ndiwe utakayeshtakiwa, kwa kuwa vitu viko kwako. Fikiria wanao.

Fikiria pia faida. Wageni watanunua maziwa, kuku, mayai. Watoto watapata kazi ya kubeba mizigo mlimani. Kijiji kitapata barabara. Ng'ombe wanaweza kupelekwa upande wa mabwawa. Nchi inakwenda mbele, hatuwezi kusimama palepale kwa ajili ya majani.

Mimi sina la kufanya. Uamuzi ni wa ofisi, siyo wangu. Mimi ni karani.

Mdogo wako anayekupenda,
Limbu


Igunda
8 Julai 1976

Limbu,

Nimekusikiliza bila hasira. Sasa nakujibu nayo.

Upande wa mabwawa una ndorobo, mbung'o wanaoua ng'ombe. Ungeshuka garini ningekwambia.

Kuhusu Wasangu, tulipofika baba alikwenda kwao kuomba, akapewa sehemu ile kwa maneno na kwa ng'ombe, na wazee wao waliosimama siku ile wapo, wanaishi, wana meno yao. Ng'ombe wao wanakula ngitili ileile pamoja na wetu. Huko juzi unakokusema ndiko baba alikozikwa.

Polisi waje. Nitawaonyesha hema. Watalikuta kavu na limekunjwa vizuri kuliko lilivyokuja. Nitawaambia faini ni dume mmoja. Wakinichukua, watanichukua nikiwa nimevaa kitenge changu kipya, na Ikupa atabaki na wanangu, tumeshazungumza. Usinitishe kwa wanangu tena. Kama ng'ombe watakufa Oktoba, hao wanangu watakula barabara yako?

Wewe ni karani, sawa. Karani gani anayechagua mahali, halafu uamuzi siyo wake?

Hema halitoki.

Nyamizi


Kihesa, Iringa
24 Julai 1976

Kwa wifi yangu Nyamizi,

Tumsifu Yesu Kristo. Wifi, mume wangu hajui kama naandika. Amekwenda mpirani, nami nimekaa jikoni na kalamu yake.

Najua tangu anilete hapa mimi na wewe tumekuwa watu wa kutumiana mchele na salamu. Leo nakutumia ukweli, na kama utanichukia baada ya hapo, sawa.

Limbu amekwambia uamuzi siyo wake. Si kweli. Bwana Didas ana karatasi moja inayosema mahali pale hapatumiwi na mtu yeyote. Bila karatasi ile wakubwa hawatoi ruhusa ya kujenga. Na sahihi inayotakiwa pale chini ni ya mume wangu, kwa sababu ndiye mtu wa huko, wakubwa wataiamini. Karatasi iko hapa nyumbani, kabatini, chini ya mashuka. Hajaisaini. Anaitoa, anaitazama, anairudisha. Amepewa mpaka mwisho wa Agosti.

Akisaini atakuwa mkuu wa kambi. Kuna nyumba ya bati na bomba la maji ndani, na mshahara wa kueleweka. Sikufichi, wifi, nyumba ile mimi naitaka. Nina mimba ya miezi minne na tumepanga chumba kimoja, jirani akikohoa mimi ndiye ninayeamka. Alipokuja na habari ile tuliruka kama watoto.

Kisha barua yako ya Mei ikafika, ile ya nyasi za kiunoni. Aliisoma amesimama. Akakaa, akaisoma tena. Nikamwuliza, vipi, dada mgonjwa? Akasema hapana, hajambo. Usiku huo hakula. Alijua siku ile, wifi. Lile swali la ua na hati alikuwa anatafuta mlango wa kutokea.

Mimi ni Mhehe. Kwetu kuna kimsitu walikozikwa watu wetu, hakuna anayekata hata kijiti. Ukipita na gari utaona miti tu, utasema hapa panafaa kujenga. Siku moja mtu akija kupima pale, nami nikajua kwamba mwanangu mimi ndiye aliyeonyesha, nitakufa. Ndiyo sababu naandika.

Usimbembeleze. Akibembelezwa anakuwa laini, halafu anamfuata aliyembembeleza mwisho, na wa mwisho siku zote ni Bwana Didas, kwa sababu yuko naye kila siku. Mwandikie vile unavyoandika.

Wifi yako,
Verediana


Igunda
6 Agosti 1976

Limbu,

Sitakuuliza umeficha nini kabatini. Nakuletea mwito.

Kijiji kimekaa kuzungumzia ngitili. Watu walisema ofisi iletwe ijibu. Nikasema ofisi haina miguu, iliingia kwa miguu ya mtu. Aliyevunja ngitili ni Limbu mtoto wa Budeba, na Limbu ni mtu wetu, ana jina hapa, anaweza kuitwa. Mzee Nkuba akaniuliza kama nina hakika nataka kumshtaki ndugu yangu wa tumbo moja. Nikasema ndiyo. Kisha nikakaa chini.

Kikao ni Jumamosi ya pili ya Septemba, uwanja wa shule. Tumempelekea habari Bwana Didas pia, aje achukue vitu vyake kama kuna atakayelipa.

Unaweza kuja au usije. Usipokuja utahukumiwa vilevile, na sisi wawili tutakuwa tumemalizana. Nilikulea mgongoni, Limbu, nakupenda kuliko unavyojua, na sitakuomba.

Nyamizi


Kihesa, Iringa
30 Agosti 1976

Kwa Mkuu wa Mradi,
Bwana Didas,

YAH: UWANJA WA KAMBI, MLIMA LUSANGA, MAHALI PA TATU

Ndugu, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Narudisha karatasi uliyonipa, bila sahihi.

Karatasi inasema mahali pale hapatumiwi na mtu yeyote. Panatumiwa na kijiji kizima cha Igunda, Wasukuma na Wasangu, kwa kutopatumia masika ili pawalishe kiangazi. Najua maneno haya hayana nafasi yake kwenye karatasi yako. Nilitafuta mstari wa kuyaandika sikuuona, ndiyo maana nayaandika hapa.

Uliniambia sahihi inatakiwa iwe yangu kwa sababu mimi ni mtu wa kule. Kwa sababu mimi ni mtu wa kule, sisaini. Uliniambia pia nisiposaini mimi atasaini mwingine. Atafutwe. Atakayepatikana akisaini, nitawaandikia wakubwa waliokutuma, na nitawaandikia kwa mwandiko huuhuu walioambiwa wauamini.

Kuhusu ukuu wa kambi na nyumba, nimeelewa kwamba havipo tena. Kuhusu kazi yangu ya ukarani, nasubiri barua yako, na kama itachelewa nitakuwa Igunda, ambako nimeitwa kujibu shauri.

Limbu Budeba
Karani


Igunda
11 Oktoba 1976

Kwa wifi yangu Verediana,

Hatujambo wote, na mumeo hajambo. Najua amekuandikia, lakini yeye atakueleza kwa ufupi ili usilie, kwa hiyo nakueleza mimi.

Alikuja juu ya lori la mpunga kutoka Rujewa, amejaa vumbi mpaka nyusi. Bwana Didas alikuwa ameshafika na gari, amekaa kwenye kiti cha mwalimu. Alimwita Limbu, "Njoo ukae huku." Limbu alimwamkia vizuri, kisha akaenda akasimama wanaposimama washtakiwa, peke yake juani. Bwana Didas akasema ofisi haijui faini za ng'ombe na majani. Mzee Nkuba akamjibu, "Wewe hatujakuita bwana, tumekuarifu tu. Tuliyemwita ni huyu."

Wakamwuliza Limbu kama ni yeye aliyewaonyesha watu wale ngitili. Akasema, "Ni mimi." Wakamwuliza kama alijua ni ngitili. Akasema, "Mwanzo sikujua. Baadaye nilijua, na nilinyamaza." Hukumu ikawa ileile ya siku zote, dume mmoja.

Sasa wifi, kila mtu anajua Limbu hana hata ndama. Macho yote yakageuka kwangu. Dada ana zizi, dada atalipa, ndivyo inavyokuwa. Hata Limbu aliniangalia. Nikasimama nikasema, "Sina ng'ombe wa kumlipia." Wanawake wakashika midomo. Mzee Nkuba akarudia kuniuliza, nikarudia kujibu. Najua baadhi yao wananisema mpaka leo. Ningelipa, mumeo angepanda lori jioni ileile, na ngitili ingebaki kuwa ya dada yake.

Asiye na ng'ombe analipa kwa kuchunga. Walimpa kundi la kijiji kizima, alichunge ndani ya ngitili tangu siku ya kufungua mpaka mvua. Akakubali. Faini ikiwa imekubaliwa, mali inarudi, kwa hiyo nilimkabidhi Bwana Didas hema lake, vigingi na kibao, akahesabu kimoja kimoja na kimoja hakikupungua. Alipoondoka alisema mwakani atakuja na karatasi nyingine na karani mwingine. Nikamwambia aje kabla ya mvua, maana mvua zikianza tunafunga.

Tulifungua Septemba ilipokwisha. Wifi, ungekuwepo! Ng'ombe walikuwa wamekonda mbavu zinahesabika, na walipofikishwa mpakani waligoma kuingia, wamezoea kurudishwa. Ilibidi wasukumwe. Kisha mmoja akainamisha kichwa, wakainama wote, na hapakusikika kingine ila kutafuna. Nyasi hizi zitatufikisha kwenye mvua. Tulitenga upande wa chini kwa ajili ya ndama na wagonjwa, wakubwa hawaruhusiwi huko bado.

Mumeo ameungua jua na ananuka zizi. Wiki ya kwanza ng'ombe walimchezea walivyotaka, watoto wangu ndio waliomwokoa. Usiku analala kwangu, anaongea habari za mtoto wenu mpaka namwomba anyamaze. Nyumba ya bati sina, lakini vyumba viwili ninavyo na hakuna jirani wa kukohoa. Ukitaka kujifungulia huku, njoo na lori la mpunga, kaa mbele na dereva. Usipotaka, nitamfukuza kwenu mvua ya kwanza ikidondoka.

Nimebakiza jambo moja, na sijui nilieleze vipi. Juzi fahali wangu mwekundu, yule dume ninayejivunia, alipenya akaingia upande wa ndama. Limbu alimkamata. Alimfunga kwenye mti, akamtuma mtoto wangu mwenyewe aje aniambie kwamba nimeitwa. Nikaenda nimekasirika. Nikamwambia fungua kamba, huyu ni dume wa dada yako. Akasema, "Shikamoo dada. Mwenye mali alipe kwanza." Nilimfokea, wifi, nilimfokea mbele ya wachungaji wote, nikamtaja baba, nikamtaja mama, nikamkumbusha mgongo uliombeba. Alisimama ameshika ile kamba, na hakuifungua.

Nimelipa mbuzi, ndiyo faini ya upande wa ndama. Nilirudi nyumbani nalia njia nzima, na sijapata kufurahi hivyo tangu tufike Usangu.

Wifi yako,
Nyamizi binti Budeba